Udongo wa Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 3 Machi 1975

Mvua tangu alfajiri. Nimesukuma baiskeli nusu ya njia kutoka Kagondo, nimefika kituo cha utafiti wa kilimo viatu vimejaa maji. Nikavivua. Nimehesabu nyungunyungu nikiwa pekupeku, na Mutalemwa, mkuu wangu, akapita akacheka. Acheke. Amesoma ng'ambo miaka minne na hajui kumshika mnyoo bila kumkata.

Masanduku manne tayari. Udongo mmoja, maji sawa, nyungunyungu ishirini ishirini, wakubwa wote, wenye ule mkanda mwilini. A halina dawa. B kijiko kimoja, C viwili, D vinne. Jumatatu ijayo nahesabu walio hai. Jumatatu inayofuata nahesabu tena, Mutalemwa anaandika ripoti, basi.

A ndilo sanduku la kuaminiwa. Wakifa wa B na C na D, wa A wakabaki wazima, tunajua dawa inaua. Wakifa hata wa A, hatujui lolote.

Dawa yenyewe ni unga mweupe wa kuua fukusi wa migomba. Ilikuja na meli mwezi Desemba, ikaanzia kwenye mashamba ya majaribio hapa kituoni. Kwamba fukusi ni adui sibishi. Anatoboa shina chini kwa chini, mgomba unalala na mkungu mchanga. Lakini kibanja, shamba letu la nyumbani, si migomba tu. Nyasi tunazobeba kutoka rweya, uwanda wa nyasi nje ya vijiji, na kutandaza chini ya migomba, nani anazishusha ardhini? Si mimi, wala si serikali. Ni hawa minyoo.

Lori la kupeleka dawa Muleba litaondoka Jumatatu tarehe 24. Kijiji cha kwanza ni Kimwani. Dada yangu Kokugonza yuko huko tangu wahamishwe mwaka jana, migomba yake haijamfika bega. Ripoti ikisema dawa haina neno, kibanja chake kitamwagiwa kati ya vya kwanza. Kwa hiyo nitahesabu vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Jana sikuandika udongo ulikotoka. Wa kituo umechoka, umeonjeshwa kila dawa tangu wakati wa Wazungu. Mutalemwa aliagiza udongo safi. Mhaya haulizi udongo safi uko wapi. Uko nyuma ya jiko. Maganda, majivu, kinyesi cha mbuzi, maji ya kuoshea vyombo, vyote vinaishia pale, na mgomba wa pale ndio unaokatwa wageni wakija. Nilichimba magunia mawili Jumamosi. Mama alisimama pembeni na debe lake la maji ya mvua, lile nililomletea Krismasi, akinitazama kama naiba.

Ajabu ndogo. Pale nyuma ya jiko sikupata nyungunyungu hata mmoja. Nikaenda kuwatafuta chini kwenye kahawa, huko wamejaa. Kuku wa mama ni walafi.

Alhamisi, 6 Machi

Kifuniko cha A kimegeuka. Mimi naweka alama ya mkaa upande wa dirisha. Leo alama inatazama mlango.

Wanaoingia chumba kile ni watatu. Mimi. Mutalemwa. Na Mzee Ishengoma, mfagiaji na mshika funguo. Ishengoma kila Jumamosi huenda ziwani na ndoano yake. Mvuvi wa ndoano anahitaji chambo. Sisemi kitu. Naandika tu.

Ijumaa, 7 Machi

Kwaresima, hakuna nyama. Ishengoma kaleta samaki, kagawia watu wote kituoni, na mimi pia, mkubwa kuliko wa Mutalemwa. Kwa nini mkubwa kuliko wa Mutalemwa? Nimekula. Sikumshukuru sana.

Jumapili, 9 Machi

Jogoo wa mama amekufa jana, leo mtetea mmoja. Amebaki mmoja tu. Si mdondo, mdondo ungemfagia na huyo. Mama anasema walitetemeka, wakapinda shingo, wakalala. Jirani yetu wa chini tuna naye ugomvi wa mpaka tangu enzi za baba. Nimemsalimia kanisani bila kumtazama usoni. Akaniuliza kuku hawajambo. Kajuaje habari za kuku?

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwaga masanduku yote juu ya gunia, nimepekua kwa vidole donge kwa donge. Walio hai:

D watatu. C sita. B tisa. Hiyo naielewa.

A kumi na mmoja.

Nimehesabu tena. Kumi na mmoja. Maiti watano, na wanne hawaonekani kabisa. Sanduku lisiloguswa, udongo wa nyuma ya jiko la mama, na karibu nusu wamekwisha. Mutalemwa alisimama nyuma yangu akasema labda nimewaumiza wakati wa kuwatoa kwenye kahawa. Mimi. Miaka kumi na moja nafanya kazi hii.

Najua nyungunyungu akifa anaoza upesi, haachi mfupa. Lakini wanne? Hao wamechukuliwa. Na hao watano waliumizwa na mkono uliokuwa unachukua wenzao kwa haraka.

Nina hasira.

Jumanne, 11 Machi

Nimeweka mtego. Jana jioni nilinyunyiza unga wa muhogo sakafuni mbele ya masanduku, mwembamba, ili nione nyayo. Asubuhi unga haupo. Umefagiwa.

Kazi yake ni kufagia. Hilo sikulifikiria.

Leo nimefunga uzi mweusi toka kifuniko cha A hadi msumari wa ukutani.

Jumatano, 12 Machi

Uzi mzima. Nikasema basi, anajua kuna uzi.

Saa nne Ishengoma alikuwa nje anafyeka, koti lake limetundikwa mlangoni. Nimetia mkono mfukoni. Kopo la maziwa, mfuniko umetobolewa matundu. Ndani udongo na nyungunyungu. Saba.

Nimempelekea Mutalemwa kopo mezani. Ishengoma akaitwa. Akasema ni wa kibanjani kwake, anakwenda nao ziwani akitoka kazini. Nikasema nyungunyungu wa kituo ni mali ya umma. Nilisema hivyo, kwa sauti, mbele ya mpiga chapa na dereva. Nikaongeza kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mutalemwa hakutaka makuu. Amemwambia mzee akae nyumbani hadi shauri litazamwe.

Ishengoma alivua funguo shingoni, akaziweka mezani, akanigeukia.

“Kamugisha, ungeniomba nyungunyungu ningekuletea debe zima.”

Akachukua koti lake akaenda. Kopo ameliacha. Nilidhani nitafurahi kuliko hivi.

Ijumaa, 14 Machi

Leo hakuna samaki. Mpiga chapa hanisalimii. Kituo hakijafagiwa siku mbili, na hakuna anayesema afagie nani.

Mama kauliza habari za Ishengoma, wanajuana tangu zamani, walipata kipaimara siku moja. Nikamwambia amepumzika. Mama akarudi kufua, debe pembeni yake, maji akayamwaga palepale anapoyamwaga siku zote.

Jumamosi, 15 Machi

Mmoja wa A amepanda juu ya udongo mchana kweupe. Amejisokota. Nyungunyungu mzima hatoki juani. Nimemgusa kwa kijiti, akajivuta kidogo, akaacha.

Funguo sasa ni mbili tu. Yangu na ya Mutalemwa.

Jumatatu, 17 Machi

Hesabu ya mwisho. D hakuna. C mmoja. B watatu. A wanne.

Wanne kati ya ishirini. Na Ishengoma hajakanyaga hapa tangu Jumatano.

Mutalemwa ameandika ripoti mchana huu, nimeisoma ikiwa bado kwenye mashine ya kuchapia. “Vifo vimetokea katika masanduku yote, likiwemo lisilo na dawa. Hakuna ushahidi kwamba dawa ndiyo sababu.” Akatia sahihi. Akaniambia tuseme ukweli, Kamugisha, udongo wako ulikuwa na kasoro au mikono yako ilikuwa na kasoro, lakini lori haliwezi kungoja mikono yako. Katibu wa kijiji kutoka Kimwani alikuwa amekaa pale pale. Amekuja kushukuru mapema, na mkungu wa ndizi. Mkungu mdogo kweli. Akasema ndio mkubwa walionao, migomba mingine imelala chini, fukusi wanaimaliza.

Nikarudi kwenye masanduku yangu nikakaa.

Nani anafaidika A ikifa? Si mvuvi. Mvuvi anataka wazima. Anayefaidika ni yule anayetaka dawa ionekane haina neno. Kijiko kimoja tu cha unga ndani ya A, ukakoroga kwa kidole, basi, masanduku yote yanafanana na hakuna wa kulaumiwa. Mkoa unasubiri. Anayewahisha dawa vijijini anasifiwa, na anayesifiwa anahamishiwa Dar es Salaam. Nilikuwa natafuta mwizi aliyevaa kaptura, kumbe amevaa suruali ya kupigwa pasi.

Jumanne, 18 Machi

Mutalemwa alikwenda bandarini. Nimefungua meza yake. Ripoti, rula, dawa za malaria, barua ya mama yake imeandikwa kwa penseli. Nimenusa hata kitambaa chake cha mkono. Hakuna unga.

Sioni aibu. Labda kesho.

Nimepata njia. Nitafanya A nyingine ambayo hakuna mkono utakaoifikia. Jioni nimechimba tena nyuma ya jiko, udongo uleule, nikaujaza chungu. Nyungunyungu kumi kutoka kwenye kahawa, nimewachagua kama mtu anachagua mbegu. Chungu kiko ndani ya kasha langu la nguo, chini ya kitanda, na ufunguo wa kasha uko shingoni mwangu. Nguo nimezitundika. Wakiishi hawa, udongo hauna kasoro, mikono yangu haina kasoro, na Mutalemwa ni muuaji wa minyoo na mwongo. Nitaupeleka ushahidi mkoani mimi mwenyewe, chungu mkononi.

Mama ameuliza kwa nini nalala na chungu. Nikamwambia ni kazi ya serikali.

Alhamisi, 20 Machi

Sijafungua. Kufungua ni kusumbua. Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Kituoni Mutalemwa ananiangalia sana. Na mimi namwangalia. Hatusemi zaidi ya habari za asubuhi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefungua.

Wanne wamekufa. Watatu wanajikunja kama yule wa sanduku A. Watatu wanatembea.

Nimekaa kitandani na chungu mapajani. Mutalemwa hajafika nyumbani kwetu. Ishengoma hajafika. Jirani hawezi kuingia chumbani kwangu. Ufunguo umelala kifuani mwangu siku nne. Mbali na mimi, humu ndani kuna mtu mmoja tu. Nikatoka kwenda kumtafuta mama. Nakiri hapa, nilitoka kwenda kumtazama mama yangu mzazi kama nilivyowatazama wale wengine.

Alikuwa nyuma ya jiko. Amemaliza kuosha vyombo, ameinua debe, anamwaga maji kwenye shina la mgomba ule mkubwa. Anageuza debe, analigonga makalio kwa kiganja ili tone la mwisho litoke. Kama anavyofanya kila siku. Kama alivyofanya bibi yangu.

Kuku aliyebaki alikuwa anachokora palepale.

Debe.

Jumapili, 23 Machi. Matawi

Nimeshika tawi, nimeimba, sijasikia neno la padre.

Niandike sasa. Humu nimeandika “debe nililomletea Krismasi” bila kuandika nilikolitoa. Hata kwa daftari langu mwenyewe nilijificha. Nililitoa stoo ya kituo tarehe 23 Desemba. Mashamba ya majaribio yalikuwa yamemwagiwa dawa, na debe lake moja lilikuwa limebaki tupu, limewekwa pembeni. Madebe hayapatikani dukani, mama alikuwa anakinga mvua kwa sufuria lililotoboka. Nikalifunga kwenye gunia nyuma ya baiskeli. Nikakwangua karatasi yenye maandishi kwa kisu. Nikamwambia mama ni zawadi ya kazini.

Leo nimemuuliza aliliosha vipi. Kwa majivu na maji ya moto, mara tatu. Maji ya kuoshea aliyamwaga wapi? Akanishangaa. Yamwagwe wapi tena, Kamugisha, barabarani? Akasema maji ya kunywa hakuyatia hata siku moja. Harufu yake hakuipenda. Alinificha hilo ili nisijisikie vibaya, kwa kuwa ni zawadi. Ya kufulia na ya vyombo tu.

Pua ya mama. Mimi nina darubini na mizani na miaka kumi na moja.

Nimempokonya debe mkononi. Sikumweleza vizuri, nimemkaripia. Kuku aliyebaki nimemfunga kamba. Jirani wa chini hana kosa. Kifuniko cha A pengine nilikigeuza mwenyewe. Uzi, unga wa muhogo, kopo la maziwa, barua ya mama wa watu iliyoandikwa kwa penseli, vyote hivyo, na sumu niliileta mimi kwa baiskeli yangu.

Lori ni kesho saa mbili.

Ninaweza kunyamaza. Ripoti imeshatiwa sahihi, na si sahihi yangu. Watu wamefungwa kwa mfuko mmoja wa saruji, debe la umma ni debe la umma. Ninaweza pia kusema udongo ulikuwa mbaya na nisiseme kwa nini. Lakini hilo Mutalemwa amekwisha kulisema mwenyewe, na lori halikusimama. Halitasimama bila sababu. Na sababu ni debe.

Nilifikiri kumwendea padre. Padre atanisamehe bila shida. Hawezi kuzuia lori.

Mama hajala mchana. Wala mimi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimefika saa moja. Lori limeshapakiwa, madebe matatu matatu yamepangwa hadi juu, katibu wa Kimwani amekaa mbele na dereva. Nimeingia kwa Mutalemwa bila kubisha hodi. Nimeweka debe mezani, chungu kando yake. Nikasema yote nikiwa nimesimama, kuanzia tarehe 23 Desemba. Nikasema Ishengoma hakuchukua hata mnyoo mmoja. Nikasema na yeye nilimshuku, nikafungua meza yake.

“Najua,” alisema. “Barua ya mama uliirudisha kichwa chini.”

Akageuza debe, akatazama ndani. Akanusa, akalisogeza mbali.

“Lilikuwa tupu?”

Nikasema tupu.

“Likaoshwa?”

Mara tatu, kwa majivu.

Akavuta ripoti yake, akasoma ule mstari wake polepole, midomo inacheza. Nilimwona anapoelewa. Hatukuwa na sanduku lisilo na dawa. Yote manne yalikuwa na dawa, na kilichoua A ni suuzo la debe tupu. Kijiko kimoja ni kingi kuliko suuzo. Vijiko viwili kila shina, ndicho kipimo kilichopangwa kwa Kimwani.

Alitoka mbio, sijawahi kumwona akikimbia. Dereva alikuwa amewasha injini. Katibu alishuka akaanza kufoka kwamba wakulima wake wanalala njaa na sisi tunahangaika na minyoo. Si mtu mbaya. Nilikuwa nimeuona ule mkungu wake. Nikamwambia nina dada huko. Akaniuliza huyo dada atakula nyungunyungu? Nimeshusha madebe pamoja na wapakuzi hadi la mwisho.

Mutalemwa ameichana ripoti. Ameandika nyingine, na jina langu limo, na debe limo. Amesema hawezi kuandika kwamba udongo ulikuwa na sumu bila kuandika ilikotoka. Nikamwambia najua.

Alhamisi Kuu, 27 Machi

Barua ya mkoa. Dawa inabaki stoo hadi jaribio lirudiwe kwa udongo mwingine. Mimi naondolewa maabara kuanzia leo. Polisi hawakutajwa, Mutalemwa aliomba. Nitafagia na kufyeka. Ishengoma anarudishwa, ila si kwa ufagio. Atashika funguo tu.

Jioni nimekwenda kwake. Alinikaribisha, akanipa kiti, akauliza habari za mama. Nikamweleza. Nikaomba msamaha kwa Kiswahili, ikasikika kama tangazo la ofisi, nikarudia kwa Kihaya. Akasema amesikia. Mke wake alipita mara mbili na kile kikapu kidogo cha akamwani, akakipitisha, akakirudisha ndani. Nyumba ya Mhaya ukikaa saa nzima usiletewe kahawa ya kutafuna, umeshajibiwa. Nikaaga.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimefagia chumba cha masanduku. Mutalemwa amehesabu mwenyewe, kwa vidole vyake, na hakukata hata mmoja. Udongo wa porini, mbali na nyumba ya mtu yeyote. A kumi na tisa. B tisa. C wawili. D hakuna.

Alinisomea kwa sauti ili nisikie toka mlangoni. Ishengoma alikuwa amesimama na funguo. Alitikisa kichwa, akaenda zake.

Jumatano, 18 Juni

Barua ya Kokugonza. Migomba sita imelala tangu Pasaka. Amenilaumu ukurasa mzima. Ukurasa wa pili anasema wanafanya kama alivyofanya baba, wanapasua vipande vya shina la mgomba, wanavilaza chini jioni, asubuhi fukusi wamejificha humo wanaokotwa kwa mkono. Mikono inanuka na mgongo unauma. Anasema nije niokote na mimi, kama nina huruma na minyoo nimwonee huruma na dada yangu.

Nitakwenda Jumamosi.

Nyuma ya jiko tumechimba hadi kiunoni. Udongo wote tumeuzika kwenye shimo jingine mbali na kisima, pamoja na ule mgomba mkubwa. Mama aliugeuzia mgongo ulipoanguka. Sasa anamwaga maji ya vyombo mbele ya nyumba na kila siku anasahau, anazunguka nyuma, anasimama, anarudi.

Jumapili, 9 Novemba 1975

Mvua za vuli. Tumejaza lile shimo la nyuma ya jiko mwezi wa nane, udongo wa kwenye kahawa, samadi, nyasi za rweya mara tatu. Kuna chipukizi moja la mgomba, limefika goti.

Baada ya misa Ishengoma alikuja. Hajawahi kuja tangu Machi. Ana lile koti. Amemsalimia mama, wakaongea habari za watu waliokufa. Halafu akaomba aone mahali penyewe. Nikampeleka nyuma.

Alikuwa na jani la mgomba limekunjwa, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Akachuchumaa, akafungua, akainua nyasi, akamimina yaliyomo yote chini. Nyungunyungu kutoka kibanjani kwake. Wakatulia kidogo, kisha wakaanza kuingia ardhini kichwa kwanza. Akazirudisha nyasi juu yao. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sufuria la maji ya vyombo, anangoja kuambiwa kama amwage.

Ishengoma akainuka kwa kushika goti. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, mfuko uleule, akatoa akamwani. Akajipa moja, akanipa moja. Nimetafuna.

Walikuwa wangapi, sikuhesabu.